Nilipaka mafuta, mbona mtutu umeota kutu?

*"Nina leseni, na mwaka huu nimepata bastola ya Tokarev TT-33 iliyotengenezwa mwaka 1943, pamoja na kopo la risasi za zamani za kijeshi. Kwenye kitako cha kila ganda pamegongwa tarakimu 53. Nilikwenda nayo uwanja wa shabaha nikapiga risasi kama 40 na haikukwama hata mara moja. Jioni nikapitisha brashi na kitambaa, nikapaka mafuta ya bunduki, mengi tu. Siku ya tano nilipoifungua nikakuta kutu nyekundu ndani ya mtutu, na madoa kwenye uso wa slaidi pale unapogusa ganda. Mwenzangu mmoja anasema chuma kimezeeka, niitundike ukutani. Mwingine anasema risasi zile zilikuwa za rashasha, zina nguvu kupita kiasi. Fundi mmoja yuko tayari kuipaka rangi upya iwe kama mpya. Naipenda bastola hii na nilitaka niipige kwa miaka mingi. Je, nimeshaiharibu? Na nikitaka kuendelea nayo, nifanyeje?"*

Pole kwa mshtuko. Najua inavyouma kufungua kitu ulichokitunza kwa mikono yako ukakuta kimeoza. Nianze na lile linalokunyima usingizi: kutu ya siku 5 kwa kawaida haimalizi mtutu. Uwezekano mkubwa ni kwamba bastola yako bado ni nzima. Lakini wote watatu waliokushauri wamepita kando ya tatizo. Wa kwanza kalaumu umri, wa pili kalaumu nguvu ya risasi, na wa tatu anataka kufunika jeraha ambalo hajalichunguza. Kilichokula mtutu wako ni chumvi, na chumvi hiyo ilitoka ndani ya risasi zenyewe.

Kila risasi ina fataki, kile kikombe kidogo cha madini katikati ya kitako cha ganda. Pini ikikigonga, mchanganyiko uliomo huwaka, nao huwasha baruti. Katika risasi nyingi za kijeshi za nusu ya kwanza ya karne ya 20, na katika nchi za Ulaya Mashariki kwa miaka mingi baada ya hapo, mchanganyiko huo ulikuwa na klorati ya potasiamu. Kazi ya klorati ni kutoa oksijeni ya kuchochea moto. Ikishaitoa, kinachobaki ni kloridi ya potasiamu, ndugu wa damu wa chumvi ya mezani. Kwa hiyo ulipopiga risasi 40, ulipuliza chumvi mara 40 ndani ya mtutu, kwenye uso wa slaidi (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma kila unapopiga), na kiasi fulani kikarudi mpaka kwenye mdomo wa magazini, kile kisanduku cha kubebea risasi. Baruti yenyewe haina kosa. Ukimuuliza mtu kama "risasi hizi zinaleta kutu", swali lako hasa linahusu fataki.

Chumvi hiyo peke yake, pakiwa pakavu, hukaa kimya. Ubaya wake ni kwamba inaita maji. Katika joto la nyuzi 25, unyevu wa hewa ukipita takribani asilimia 84, kloridi ya potasiamu huvuta maji kutoka hewani mpaka yenyewe ikayeyuka ndani ya maji hayo. Hapo mtutu unakuwa umelala ndani ya maji ya chumvi bila wewe kumwaga hata tone. Hata unyevu ukiwa chini ya hapo, kloridi huendelea kuuma chuma polepole, kwa sababu huvunja ule utando mwembamba unaokikinga.

Sasa mafuta yako. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Brashi uliyopitisha ilitoa masizi na ikasambaza chumvi, kisha mafuta yakaifunika. Fundi rangi yeyote anaujua ukuta wenye chumvi: upake mara tatu, rangi itabanduka tu, maana kinachoisukuma kiko chini yake. Mafuta mengi uliyopaka hayakuwa uzembe. Yalikuwa dawa ya ugonjwa mwingine.

Dawa ya huu ni maji. Maji ya kawaida, na yakiwa ya moto ni bora zaidi. Katika nyuzi 20, mililita 100 za maji huyeyusha kama gramu 34 za kloridi ya potasiamu, na yakikaribia kuchemka hufika kama gramu 56, kwa hiyo hata maji baridi yanaitosha kabisa chumvi ya siku nzima ya shabaha. Faida kubwa ya maji ya moto ni kwamba hupasha chuma, na chuma chenye joto hukauka chenyewe upesi. Utasikia watu wakiapa kwa dawa ya kusafishia vioo yenye amonia, eti amonia "inaua" chumvi. Haiui. Chumvi hii si tindikali hata ihitaji kuuawa. Kinachofanya kazi katika chupa ile ni maji yaliyomo, na maji unayo tayari.

Nikuonyeshe ninavyofanya mimi, kwa sababu hapa ndipo bastola nyingi za zamani zinapookolewa au kupotea. Bado niko uwanjani, nimeshahakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, ni tupu na magazini imetolewa, napitisha vitambaa viwili vilivyolowa maji ndani ya mtutu. Hiyo ni huduma ya kwanza tu. Nikifika nyumbani naifungua. Kwenye TT-33 unasukuma klipu ndogo iliyo upande wa kulia, unatoa pini ya kizuizi cha slaidi upande wa kushoto, kisha slaidi inakwenda mbele na kutoka pamoja na mtutu na springi. Nyundo na sehemu zake za kufyatulia zinatoka kama kipande kimoja, ubunifu wa Fedor Tokarev ambao mimi naupenda kuliko vyote katika bastola hii. Mtutu nauweka kwenye sinki, namwagia maji ya moto kuanzia upande wa chemba, napitisha brashi huku umejaa maji, namwagia tena. Uso wa slaidi nausugua kwa mswaki na maji, hasa tundu la pini na chini ya ndoano inayotoa ganda. Springi, kizuizi cha mbele cha mtutu na mdomo wa magazini navyo vinapata maji. Kisha nakausha kwa kitambaa, naviacha mahali penye joto mpaka nisione hata alama ya unyevu, ndipo mafuta yanapoingia, tena kidogo tu.

Kesho yake napitisha kitambaa cheupe. Siku ya tatu napitisha kingine. Kikitoka na rangi ya kahawia, chumvi bado imo, na ninaanza upya na maji.

Nilijifunza haya kwa hasara. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na bastola ya Nagant ya mfano wa 1895, ile ambayo ngoma yake yenye risasi 7 husogea mbele kuziba mwanya kati yake na mtutu kabla ya kufyatua. Nikaosha mtutu vizuri kabisa, nikauacha uso wa mbele wa ngoma kwa sababu ulionekana safi. Baada ya wiki mbili kila tundu lilikuwa na pete ya kutu. Mtutu ulikuwa unang'aa. Tangu siku hiyo naosha popote moshi ulipopita, si mtutu peke yake.

Kwa kutu uliyonayo sasa: osha kwanza kwa maji kama nilivyoeleza, maana chini ya kutu hiyo bado pana chumvi. Kausha, kisha loweka mtutu kwa mafuta mepesi usiku mmoja na usugue kwa brashi ya shaba, si ya chuma cha pua. Usitie msasa wala drili. Halafu elekeza mtutu, ukiwa umeutoa kwenye bastola, kwenye mwanga na uutazame polepole. Ukiona vidoa vyeusi vidogo kama vya ndui kati ya mitaro iliyochongwa ndani ya mtutu, usife moyo. Mitutu mingi ya wakati ule ina vidoa hivyo na bado inapiga shabaha vizuri, ila utalazimika kusugua zaidi kila unaposafisha. Ukiona kivuli cha pete kinachozunguka mahali pamoja, au ukipitisha kidole nje ya mtutu ukahisi uvimbe, hilo ni jambo jingine kabisa. Maana yake kuna siku risasi ilikwama ndani na nyingine ikapigwa nyuma yake. Mtutu huo usiupige tena.

Turudi kwa mwenzako anayesema risasi zako ni za rashasha. Katika jeshi la Kisovyeti risasi ya milimita 7.62 kwa 25 ndiyo iliyotumiwa na TT na ndiyo iliyotumiwa na rashasha za PPSh-41 na PPS-43. Hapakuwa na sanduku la bastola na sanduku la rashasha. TT iliundwa kwa risasi hiyo: kichwa, yaani kile kipande kinachoruka, cha gramu 5.5 hivi kinachotoka kwa kasi inayozidi mita 400 kwa sekunde, na slaidi inayofungwa kwenye mtutu kwa vishikio wakati wa mlipuko. Lakini woga wake una chembe ya ukweli, ila ameuelekeza kusikohusika. Risasi ya Tokarev ilitokana na ile ya Mauser ya milimita 7.63, na kwa vipimo zinakaribiana kiasi kwamba moja huingia kwenye bastola ya nyingine. Ya Tokarev ndiyo yenye nguvu zaidi. Kuiweka ndani ya Mauser C96, bastola ya zamani ya Kijerumani, ni kuiomba bastola hiyo ipasuke. Kwa hiyo kama siku moja utakuwa na zote mbili, risasi zake zikae makopo tofauti, na makabati tofauti ukiweza.

Mtego wa namna hii umejaa katika silaha za zamani za kijeshi, na kwa maoni yangu ndio hatari kubwa kuliko umri. Mfano ninaoutolea mara nyingi ni Webley Mk VI ya Uingereza. Iliundwa kwa risasi ya .455, ambayo shinikizo lake ni la upole, takribani 13,000 psi (pauni kwa inchi ya mraba). Nyingi zilipouzwa Marekani zilinyolewa nyuma ya ngoma ili zipokee .45 ACP, risasi inayokwenda hadi 21,000 psi. Inaingia, inafyatuka, mpigaji anafurahi, na kila mpigo unazidi kile bastola ilichojengewa. Risasi kuingia kwenye chemba hakuthibitishi kwamba ni yake. Soma kilichochongwa kwenye bastola, soma kitako cha ganda, na kama kimoja hakieleweki, usipige.

Na umri? Chuma cha mtutu na slaidi hakichoki kwa kulala ghalani. Kinachochoka ni springi. Springi ya kurudisha slaidi ikilegea, slaidi hugonga fremu kwa nguvu kila mpigo, na hapo ndipo nyufa zinapozaliwa. Hujui springi yako ilipigishwa risasi ngapi tangu 1943. Nunua mpya ya vipimo sahihi, ile ya zamani uifunge kwenye bahasha uiandike, uitunze pamoja na bastola kwa sababu ni sehemu ya historia yake. Ukiwa umeifungua, itazame pia ile pingili inayobembea chini ya mtutu na pini yake. Tundu lake likiwa limetanuka kama yai, ufungaji wa mtutu haupo sawa. Halafu safisha mfereji wa pini ya kupigia. Bastola nyingi zilihifadhiwa kwa grisi nzito, na grisi hiyo ikiganda kule ndani pini inaweza kukwama ikiwa imechomoza. Pini iliyokwama hivyo inaweza kufyatua risasi mara tu slaidi inapofunga, kabla hujagusa kifyatulio.

Jambo moja la usalama ambalo hukuuliza. TT-33 ya asili haina kifungo cha usalama. Ina nafasi ya nusu tu ya nyundo, ambapo nyundo hushikiliwa ikiwa imevutwa nusu, na mimi siiamini nafasi hiyo katika bastola yenye miaka zaidi ya 80 ya kukwaruzana. Kama yako ina kifungo pembeni, kiliongezwa baadaye ili iruhusiwe kuuzwa nchi fulani, na vingine vilifungwa vibaya. Kanuni yangu kwa TT ni nyepesi: chemba inabaki tupu mpaka uso wangu uelekee shabaha. Nyundo siishushi kwa kidole gumba juu ya risasi iliyo chembani. Vivyo hivyo, ukija kumiliki Walther P38 ya wakati wa vita au vz. 52 ya Czechoslovakia, usijaribu kushusha nyundo kwa kifungo chake huku risasi ikiwa ndani. Vipande vya ndani vikiwa vimelika, nyundo huweza kufika kwenye pini, na risasi inatoka.

Siku ya kurudi uwanjani, baada ya springi mpya na baada ya fundi kuitazama, anza na risasi 1 tu kwenye magazini. Kisha 2. Unachopima ni kama ya pili itafyatuka yenyewe baada ya ya kwanza, ishara kwamba kishikio cha nyundo kimelika. Bora ujue hilo ukiwa na risasi 2 kuliko ukiwa na 8. Ukivuta kifyatulio risasi ikagoma, usifungue slaidi papo hapo. Fataki za zamani hivyo, kama 53 ile ni mwaka 1953, huweza kuchelewa. Acha mdomo wa bastola uelekee shabaha kwa nusu dakika au zaidi, ndipo uitoe. Ukisikia mlipuko dhaifu kuliko kawaida, simama, ifungue, na uangalie kama mtutu uko wazi. Pete niliyoitaja juu huzaliwa hapo, kwa mtu aliyesikia "puf" akavuta tena. Waulize pia wasimamizi wa uwanja kuhusu risasi zako: nyingi za kijeshi zina chuma ndani ya kichwa, na viwanja vingi haviruhusu. Sumaku itakuambia kama kuna chuma, ingawa haitakuambia kama kiko kwenye ganda la nje la kichwa au katikati yake.

Ungeniuliza ningefanya nini na kopo hilo ningekuwa wewe, ningelipunguza. Ningetafuta risasi mpya zenye fataki isiyoleta chumvi kwa ajili ya mazoezi ya kila mara, na hizo za 53 ningepiga chache kwa mwaka, siku ambayo nina nafasi ya kuosha jioni hiyohiyo. Si haramu kuzipiga. Ila kila mara unapozitumia umekopa saa moja ya kazi, na deni hilo halingoji kesho. Fataki mpya nazo zina yao: nyingi hutumia mchanganyiko wenye risasi, ile metali ya sumu, kwa hiyo nawa mikono na uso kabla ya kula, uwe umepiga mpya au za zamani.

Rangi mpya: hapana. Nakusihi. TT za wakati wa vita zilitengenezwa kwa haraka, na alama za vifaa na mikwaruzo ya mashine unayoiona kwenye slaidi ndiyo saini ya mwaka 1943. Fundi akiisugua ing'ae, anafuta pia kingo za maandishi na nambari, na hakuna anayeweza kuvirudisha. Kwa wakusanyaji, bastola yenye ngozi yake ya asili, hata kama imechubuka, ni shahidi. Ikishapakwa upya inakuwa bastola tu. Huenda yako ilikwisha kupakwa upya ghalani baada ya vita, nyingi zilipitia hayo, na hata hivyo rangi ya ghala ni sehemu ya safari yake. Madoa kwenye uso wa slaidi yatoe kwa mafuta na kitambaa kigumu, yatakayobaki yaache.

Mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni, kabla ya kupiga tena, ukiona lolote kati ya haya: ufa mdogo kwenye kona za dirisha la kutolea maganda, uvimbe wa mtutu, nyundo inayoanguka ukiisukuma kwa kidole gumba bila kuvuta kifyatulio, au maganda uliyookota yenye fataki iliyotobolewa au kupasuka pembeni. Kwa kweli, hata usipoona kitu, bastola ambayo hujui ilikopita inastahili kupimwa chemba na ufungaji wake mara moja na mtu mwenye vipimo vya kazi hiyo. Macho na maelezo yangu hayawezi kuchukua nafasi ya geji. Na kama siku moja utarithi au kupewa nyingine isiyo na karatasi, usiibebe kwenda kwa fundi wala uwanjani. Piga simu kwanza kwa mamlaka inayotoa leseni, uulize wanataka ifikishwe kwao vipi.

Kabla ya hayo yote, leo hii, chemsha maji. Kutu uliyoiona bado inaendelea kula wakati unasoma.